BOILA ILIPIMIWA MAJI, MTOTO JE?



Sisi watu wa reli twaijua Taru. Kabla ya reli, misafara ya bara ilikata nyika hii kwa kiu, na wapagazi walitegemea maji ya mvua yaliyosimama katika ngurunga za mawe. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilibidi wajenzi wapelekewe maji kwa gari la moshi. Tangu mwanzo shida ya hapa ni maji.

Lakini leo hatusemi habari ya uhaba peke yake. Twasema habari ya usafi. Siku za injini za moshi, boila haikujazwa maji yo yote tu. Maji mabaya huacha ukoko wa chumvi, mabomba huziba na kuliwa na kutu. Kwa hiyo maji ya injini yalipimwa, na yakiwa mabaya yalitiwa dawa. Hayo yalikuwa maji ya kunywesha chuma! Je, tumbo la mtoto ni gumu kuliko boila?

Tazameni bwawa la kijiji lisilo na ua. Mvua hushuka safi, lakini kabla ya kufika bwawani imekwisha kupita zizini, na vichakani ambako watu hujisaidia. Ng'ombe huingia hadi magotini, hunywa na kuacha mavi pale pale. Mama huinama upande wa pili akachota. Ndipo huja kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Na anayeoga humo aweza kupata kichocho.

Mabwana wengine hutujibu: "Chemsheni maji." Ni kweli, tuchemshe. Lakini kuni za kila siku zatoka wapi? Tena kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyomwagika majini. Hata vidonge vya klorini hupungua nguvu katika maji ya tope. Kumwachia mama na sufuria yake kazi yote ni kumtwika mzigo ulio wetu sote.

Na bomba la Mzima, lililomalizika mwaka 1957, lapita njia hii hii kwenda Mombasa. Hatumwonei wivu mtu wa Mombasa. Twasema tu kwamba anayekaa kando ya bomba asinywe pamoja na ng'ombe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haikusema mtu wa mjini peke yake.

Basi twadai haya:

1. Kila bwawa la kunywa lizungushiwe ua, na mifugo ichimbiwe hori lake nje, upande wa chini.
2. Vyoo na majosho yawe mbali, yasiwe upande wa juu wa bwawa.
3. Maji yapimwe kila baada ya mvua, na majibu yasomwe barazani kwa lugha tunayoielewa.
4. Vijiji vya kando ya bomba vipewe mifereji inayotoa maji.

Nasi tuna wajibu wetu. Ua ukisimama, asitokee mmoja wetu akauvunja ili apitishe mbuzi wake. Tuchague kamati, na akina mama wawemo, kwani wao ndio wachotaji.

Boila ikiharibika, huletwa nyingine. Mtoto haletwi mwingine.

Umoja ni nguvu.