Mbao Isiyoliwa na Mchwa, Usiule Moshi Wake



Kila majira ya joto yakiingia, Waswahili tuliopo Marekani tunakutana kwa nyama choma. Sina ugomvi na nyama, ugomvi wangu ni wa kuni. Jirani akibomoa uzio au baraza ya mbao ya nyuma ya nyumba, tunaona ni neema, tunakatakata mbao zake na kuzitia motoni. Kwa maoni yangu tabia hii tuiache kabisa, hata kama mkaa ni ghali.

Sababu ni hii. Mwaka 1933 mwanasayansi wa India, Sonti Kamesam, alivumbua dawa ya kuhifadhi mbao yenye shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo hushindiliwa ndani ya mbao kwa mgandamizo mkubwa, na mchwa hawaigusi kwa miaka mingi. Ni uvumbuzi wa maana, na hata kule nyumbani Afrika Mashariki nguzo za umeme zimetiwa dawa hiyo. Lakini aseniki ni sumu iliyokuwa ikiulia panya, na husababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Moto hauiteketezi. Sehemu hupanda na moshi, iliyobaki hukaa kwenye majivu.

Mwaka 1984 jarida la madaktari la JAMA lilieleza habari za familia moja ya Wisconsin iliyokuwa ikichoma mbao za aina hii katika jiko la kupashia nyumba joto. Watu wote wanane waliugua, na baba na mama walinyonyoka nywele kila majira ya baridi.

Mtu ataniambia, "Mbona serikali ilishapiga marufuku?" Kweli, viwanda vya Marekani viliacha kutia dawa hii kwenye mbao za kawaida za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Lakini hakuna aliyelazimishwa kung'oa zilizokwisha jengwa, na hizo kuukuu ndizo zinazobomolewa sasa na kutolewa bure. Zikiwa mpya huwa na rangi ya kijani, zikizeeka huwa za kijivu kama mbao nyingine yoyote, huwezi kuzitambua kwa macho.

Mwingine atasema, "Ni mara moja tu kwa mwaka." Sawa, lakini watoto ndio wanaozunguka jiko, na majivu yale ndiyo tunayomwaga kwenye mchicha. Sumu inayoingia udongoni haiondoki mwaka ule.

Basi nashauri hivi: pikia mkaa au kuni ulizonunua kama kuni. Mbao za uzio, ngazi na baraza zipelekwe jaa la manispaa, usizichome wala kuzijengea matuta ya mboga. Hata mbao mpya zenye dawa isiyo na aseniki usizichome. Na kama nyumba uliyopanga ina baraza ya zamani, ipakwe rangi ya mafuta inayopenya ndani ya mbao mara kwa mara, na watoto wanawe mikono wakitoka kuchezea hapo, kabla hawajashika chakula.

Tulikuja huku kutafuta maisha. Tusiyapoteze kwa kuni za bure.