Ada Ilifutwa, Baba Hakufutwa

Januari 2016, nikiwa naingia kidato cha pili, serikali ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne. Mgololo tulishangilia. Baba naye alishangilia. Alimpigia mama simu: "Mama watoto, si umesikia? Shule ni bure sasa. Mimi na wewe hatudaiani."

Ada ya shule ya kutwa iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa shilingi 20,000 mtu alijiona amemaliza ubaba.

Walikuwa wameachana miaka minne. Baba aliondoka na mshahara wake, mama akabaki na sisi watatu, kibarua cha msimu na bustani ya viazi. Anayeijua Mgololo ya Juni na Julai anajua kuwa sweta si pambo. Unatoka alfajiri ukungu umefunika misonobari, unafika darasani soksi zimelowa. Sweta, viatu, madaftari, sabuni, mafuta ya taa: hakuna waraka uliovifuta hivyo. Mama aliviandika kwenye daftari lake, ukurasa wa kushoto alichotumia yeye, wa kulia alichotoa baba. Kurasa za kulia zilibaki nyeupe hadi mdogo wangu akawa anachorea magari.

Siku moja tulipanda basi hadi Mafinga kulalamika. Aliyetusikiliza alimwambia mama, kwa upole kabisa, "Mama, mkayamalize kifamilia. Ukimbana sana atakimbia moja kwa moja." Usiku huo mama aliandika nauli yetu ya kwenda na kurudi. Ukurasa wa kushoto.

Ushauri ule nimeusikia tena chuoni, kutoka kwa wenzangu wanaosoma shahada ya uzamili kama mimi. "Usimsumbue, atatoa akijisikia." Tunaongea kana kwamba matunzo ni sadaka, na anayedai ni ombaomba asiye na adabu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inasema ni wajibu wa baba kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mwa mtu mwingine. Hakuna neno "akijisikia" mle.

Mtaniambia wanaume wengine hawana kitu. Kweli, na sheria imeshalisikia hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 44, inaitaka mahakama ipime kipato na mali ya wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Maana yake hata mama ana fungu lake, na mwenye kidogo apangiwe kidogo. Lakini kidogo kilichopangwa kina kiasi na tarehe. "Nikipata nitatuma" haina vyote viwili, na dukani hukopeshwi unga kwa ahadi hiyo.

Mtaniambia pia mama anakula hela ya mtoto. Ndiyo, anakula. Nyumbani kwetu sufuria ilikuwa moja. Hakukuwa na ugali wa mtoto na ugali wa mama, wala paa la mtoto na paa la mama. Anayedai risiti ya kila nyanya hajawahi kulisha watoto watatu kwa wiki moja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hesabu hizi huwa hazijulikani hadi siku ya kupokea. Mwezi uliopita baba alinipigia. Amesikia nina mchumba. Aliuliza barua ya posa inaletwa lini, na akanikumbusha, "Mwanangu, mahari hupokelewa na baba." Kumbe desturi anaikumbuka vizuri.

Sheria ileile ya 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa mahari kutolipwa, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuogopa. Nilimjibu kwa heshima, maana bado ni baba yangu: "Sawa, baba. Njoo nyumbani kwa mama. Tutaanza na daftari."

Hajaja. Daftari lipo kabatini, na wewe unayesoma hapa ukiwa umeacha mtoto mahali, jua kwamba lako nalo linaandikwa.