Makumbusho si ya wenye masikio peke yao

Lubumbashi, Haut-Katanga – Mtoto kiziwi akiingia katika jumba la makumbusho pamoja na wanafunzi wenzake, anaona mambo mawili: vitu nyuma ya vioo, na mgongo wa mwongozaji. Mwongozaji anaonyesha msalaba wa shaba, anageukia ukuta, anaongea. Wenzake wanacheka, wanauliza. Yeye anamaliza saa nzima akitazama vinywa vya watu, na mlangoni amelipa sawa na wengine.

Wako wanaojibu kwamba viziwi hawaji, basi kulipa mkalimani ni kupoteza pesa. Hilo ni jibu la mtu aliyefunga duka halafu analalamika kwamba wateja hawaonekani. Waje kufanya nini mahali ambapo hakuna anayezungumza lugha yao? Wengine bado wanawaita mabubu. Mabubu gani, watu wenye lugha kamili mikononi mwao?

Serkali haiwezi kusema haikujua. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 30 kinataja majumba ya makumbusho waziwazi. Sheria ya nchi yenyewe ilitolewa tarehe 3 Mei 2022. Mwezi uliofuata, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, akakiacha katika makumbusho ya taifa kwa mkopo usio na muda. Watu walifurahi kuona urithi unarudi kwa wenyewe. Kiziwi naye ni mwenyewe.

Kwa jamaa zilizokimbia vita Manono na Mitwaba, jambo hili lina uzito zaidi. Kijijini mtoto kiziwi alijifunza kwa kukaa karibu na babu: namna mtego unavyofungwa, kaburi la nani liko wapi. Kaburi limebaki huko. Mjini, makumbusho ndiyo mahali anapoweza kukutana tena na vitu vya wazee wake. Na Waluba ndio waliotunza habari za wafalme wao juu ya lukasa, kibao cha mti chenye shanga, kinachoshikwa kiganjani na kusomwa kwa kidole. Kidole kilitangulia, mdomo ukafuata. Leo nani ameamua kwamba mkono hauwezi kueleza historia?

Kinachoombwa si kikubwa. Mwongozaji asimame penye mwangaza, uso kwa wageni, aonyeshe kwanza ndipo aongee, kwa sababu mtu hawezi kutazama kitu na kinywa mara moja. Maandishi ya Kiswahili chepesi yawekwe karibu na kila kitu. Yatasaidia hata wazee ambao masikio yamechoka na hawajui lugha ya ishara. Lakini karatasi haitoshi, maana viziwi wengi hawakupata masomo. Aajiriwe kijana kiziwi, afundishwe kazi, alipwe mshahara kama waongozaji wengine.

Na siku yake itangazwe kwa picha na kwa mtu kupita nyumba kwa nyumba, hata katika kambi. Si kwa redio wala megafoni, ambazo kwa ajili yake kiziwi hupata habari ya mgawo wa unga wakati mstari umekwisha.

Mpaka hapo, walimu wanaopeleka darasa makumbusho wakatae kumlipia mtoto ambaye hakuna atakayemweleza kitu.