Maelezo Chini ya Jina la Kitabu

Mwanafunzi akusanyaye vitabu juu ya hali za wanawake wa pwani, kisha akaridhika kuandika jina la mtungaji na mwaka tu, pasipo maelezo, hajatimiza wajibu wake. Kwani utendi alioutunga Mwana Kupona mnamo 1858, naye mgonjwa, ili kumwusia binti yake, ulipopigwa chapa na wahariri Werner na Hichens mwaka 1934 ulivikwa anwani ya Kiingereza itajayo wajibu wa mke, nayo ni anwani ya wahariri hao, si ya mama yule. Hilo, kwa rai yangu, lastahili sentensi mbili kamili za maelezo chini ya jina la kitabu. Na kando yake kiwekwe kitabu cha Mirza na Strobel cha 1989, ambamo wanawake watatu wa Mombasa wasimulia maisha yao kwa ndimi zao wenyewe.