Mazungumzo ya Nyumbani: Hukumu imetoka, je, imesema nini?

Mwezi huu tunaongea habari ya mbali, lakini yenye watu wetu ndani yake. Familia nyingi hapa kambini zina mtoto, shemeji au jirani wa zamani aliyepelekwa Marekani. Wakipiga simu, neno moja halikosekani: bima. Mara bima imekubaliwa, mara bima imekatika. Na wengi wenu mmetuuliza: hiyo bima ni kitu gani hasa, na kwa nini Wamarekani wanapelekana mahakamani kwa ajili yake?

Tuanze na sheria yenyewe. Tarehe 23 Machi 2010, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya bima ya afya, ambayo watu waliibandika jina la Obamacare. Ilikuwa ndefu sana, lakini tushike mambo matatu. Kwanza, kampuni ya bima isimkatae mtu kwa sababu tayari ana ugonjwa. Pili, karibu kila mtu awe na bima, na asiyekuwa nayo alipe adhabu ya pesa. Tatu, Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ipanuliwe iwafikie watu wengi zaidi.

Hilo la pili ndilo lililowasha moto. Kwa sisi tuliozoea kuchangiana kwenye vikundi, na wale waliowahi kulipa mituweli, si jambo gumu. Mkiwa na kikapu cha ugonjwa, na wanaoweka pesa ni wale tu waliokwisha kulala kitandani, kikapu kitakauka kabla ya mwezi kuisha. Lazima na wazima waweke. Ndiyo maana Rwanda nayo iliifanya bima ya afya kuwa lazima kisheria. Lakini Wamarekani wengi walisema hapana, serikali haina ruhusa ya kumlazimisha mtu mzima anunue kitu asichokitaka. Majimbo 26 yakaenda mahakamani kuipinga.

Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu kule Washington, yenye majaji 9. Siku ya hukumu, tarehe 28 Juni 2012, umati ulijaa nje. Hawa na mabango ya kuunga mkono, wale na mabango ya kupinga, kila upande unaimba.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Sehemu ya kwanza ya hukumu, iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, ilisema kwamba mamlaka ya serikali juu ya biashara hayatoshi kumlazimisha mtu anunue bima. Televisheni mbili kubwa, CNN na Fox News, zilipoona hapo tu zikatangaza: lile sharti la bima limeanguka! Wapinzani wakaanza kushangilia, na wenzao wakavunjika moyo. Hata Rais Obama mwenyewe aliona kwanza kwenye televisheni kwamba ameshindwa. Kumbe karatasi zilikuwa bado zinaendelea. Mbele kidogo iliandikwa kwamba ile adhabu inaweza kuhesabiwa kama kodi, na kutoza kodi serikali inaruhusiwa. Majaji 5 kwa 4, sheria ikasimama. Mwanasheria wa rais ndiye aliyeingia kumpa habari ya kweli. Pale nje shangwe ikahama upande, na huzuni nayo ikahama.

Nchi iligawanyika katikati kabisa. Shirika la Gallup lilipouliza watu mara baada ya hukumu, asilimia 46 walikubaliana nayo na asilimia 46 waliikataa. Jaji Roberts aliteuliwa na rais wa chama cha Republican, na wengi wa chama hicho wakamwona amewasaliti. Mitt Romney, aliyekuwa akigombea urais, aliahidi kuifuta sheria hiyo, na katika siku moja wafuasi wake wakamchangia zaidi ya dola milioni 4. Lakini jambo lililotushangaza kuliko yote ni hili: shirika la Pew lilipouliza watu kama wanajua mahakama imeamua nini, asilimia 55 tu ndio waliojua. Waliobaki hawakujua, au walidhani sheria imekataliwa. Jamani, nchi yenye televisheni kila chumba!

Na katika kelele zile, kipande kimoja kikapita bila wengi kukiangalia. Ni habari ya Medicaid. Majaji 7 walisema serikali kuu haiwezi kulitisha jimbo kwamba likikataa kupanua Medicaid litanyang'anywa hata pesa za zamani. Maana yake kila jimbo likaachiwa lichague lenyewe. Kentucky ilifungua mlango mwaka 2014. Texas haijaufungua. Chukua ndugu wawili waliotoka kambi moja, mmoja akapelekwa Louisville, mwingine Houston. Wote hawana watoto, wote wana mshahara mdogo. Msaada wa matibabu wa miezi ya mwanzo ukiisha, yule wa Kentucky anaweza kupata kadi ya Medicaid kwa sababu ya kipato chake tu. Yule wa Texas, umaskini peke yake haumpi kadi hiyo. Sheria ni moja, lakini mmoja anaingia hospitali na mwingine anahesabu pesa kwanza. Wazee, mwanenu akisema kule anaogopa kwenda kwa daktari, msimwambie anadeka. Muulizeni kwanza yuko jimbo gani.

Sheria hiyo ilishtakiwa tena na Mahakama ya Juu ikaiacha isimame, mwaka 2015 na mwaka 2021. Ile adhabu iliyoleta ugomvi, bunge liliishusha ikawa sifuri kuanzia mwaka 2019. Halafu tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria nyingine inayowagusa wakimbizi moja kwa moja. Inasema kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mtu mwenye hadhi ya ukimbizi ambaye bado hajapata kadi ya ukaaji wa kudumu, ile wanayoiita kadi ya kijani, kwa kawaida hatahesabiwa tena kati ya wanaostahili Medicaid. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba kadi hiyo akishatimiza mwaka mmoja Marekani. Kwa hiyo mkiongea na watu wenu, baada ya salamu waulizeni: umeshaomba kadi? Barua za bima unazifungua au unaziweka kabatini? Aende kwa shirika lililompokea au ofisi ya jimbo lake aulize mambo ya kwake, maana ya kila familia ni tofauti.

Na sisi tuliobaki hapa tunajifunza nini? Hapa pia maamuzi yanatoka: ya mgawo wa chakula, ya rufaa za hospitali, ya safari. Tangazo likibandikwa ubaoni, wa mbele anasoma mstari mmoja, anageuka kupiga kelele, na mpaka habari ifike kwa mama aliye bombani imeshakuwa nyingine. Kuna walioacha kulima kwa sababu ya "tunaondoka wiki ijayo", na kuna waliouza sufuria. Tunashauri kila nyumba iwe na maswali manne: imesema nini mpaka mstari wa mwisho? Inamgusa nani? Inaanza lini? Inatumika wapi? Mkipata majibu ya hayo manne, ndipo mpige vigelegele au mkae kikao cha familia.

Watoto wanaosoma shule ndio wasomaji wetu wazuri. Mtume kijana ubaoni na daftari, anakili tangazo zima, mlisome pamoja jioni. Haigharimu kitu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Wasalimieni wote nyumbani.