DENI LA MASOMO AU NYUMBA: TUANZE NA LIPI?



Katika mikutano yetu ya tawi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na mabuti ya shambani. Leo naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila kupiga hodi, nalo ni deni la masomo.

Hapa Uganda bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kijana husoma kwa mkopo, akimaliza hupewa mwaka mmoja wa kupumua, kisha huanza kulipa. Mwanangu ni mmoja wao. Leo ni mfanyakazi wa maabara kiwandani, na kila mwezi deni lake linakatwa katika mshahara.

Mimi nina umri wa miaka 52 na nyumba ninayolala ni ya kampuni. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyetimiza miaka 45, na aliyeweka akiba kwa miaka isiyopungua 10, anaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Nilipotaka kuomba fedha hizo, kijana alisema, "Baba, tumalize kwanza deni langu, ndipo tufikirie kiwanja. Mwenye deni hana usingizi." Mama yake akamjibu, "Na asiye na nyumba atalala wapi?"

Maneno hayo mawili yalinikalisha kitako. Nimeyapima, na maoni yangu ni haya.

Kwanza, madeni hayafanani. Kabla ya kukimbilia kulipa, uliza deni lako linazaa kiasi gani. Tuwatazame jirani zetu. Kenya, mkopo wa bodi yao ya HELB kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Anayedaiwa shilingi 300,000 za Kenya huongezewa shilingi 12,000 hivi kwa mwaka mzima. Lakini anayejificha bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, yaani shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kinachomuumiza mkopaji huyo zaidi ya deni lenyewe ni kujificha.

Sasa linganisha na wakopeshaji wa mitaani wanaotuvizia siku ya mshahara. Wapo wanaotaka shilingi 10 kwa kila shilingi 100 kwa mwezi. Ukichukua milioni moja kwa mtu wa namna hiyo, baada ya mwaka umempa riba ya milioni moja na laki mbili, na ile milioni ya kwanza bado iko palepale. Kijana anayelipa deni la masomo haraka haraka, halafu akaenda kwa mkopeshaji huyo kununua mabati, ametoka kwenye mvua akaingia mtoni.

Pili, nyumba ya kampuni si nyumba yako. Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa wanalijua hili vizuri. Siku ya kustaafu, au siku ya kuachishwa kazi, ufunguo unarudi ofisini. Nimeona mzee aliyechuma chai miaka mingi akitoka na godoro kichwani, hajui aelekee wapi. Deni la masomo la kijana linalipwa kwa mshahara wa kijana, naye ana miaka mingi ya kazi mbele yake. Uzee wangu hauna mshahara mwingine. Ndiyo sababu nasema akiba ya mzee isitumike kufuta deni la mtoto. Itumike kumpa mzee mahali pa kulala.

Tatu, kununua ardhi nako kuna mitego. Katika nchi ya mailo, mara nyingi unachouziwa ni kibanja, na ardhi yenyewe ina mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka mwenye kibanja apate idhini ya mwenye ardhi kabla ya kukiuza. Ukinunua kwa siri kwa sababu ya bei rahisi, unaweza kupoteza fedha na kibanja pia. Ikiwa ni ardhi ambayo familia inakaa na kujipatia riziki, idhini ya mke au mume wa muuzaji lazima iwepo. Muone mwenye ardhi, waone majirani na wazee wa mahali hapo, na andikeni karatasi mbele ya mashahidi. Kisha jenga polepole, chumba kimoja kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili: endelea kulipa deni lako kila mwezi bila kuruka, wala usijifiche. Ukiwa na deni lenye riba kubwa kuliko hilo, limalize hilo kwanza. Kinachobaki weka akiba ya kiwanja. Usingoje deni liishe lote ndipo uanze, maana bei ya ardhi haitakungoja.

Mwisho, jambo hili ni la chama pia. Tanzania, tangu mwaka 2016, mfanyakazi mwenye mkopo wa masomo amekuwa akikatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 za awali. Juu ya hayo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi walilipa bila kuona deni likipungua. Wafanyakazi walilalamika. Mei Mosi ya mwaka 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mbele yao kwamba tozo hiyo inaondolewa. Mfanyakazi mmoja akilalamika peke yake jikoni kwake, hakuna anayemsikia.

Nasi tuna kazi. Mwajiri mmoja, nisiyemtaja, alikata deni la mwanangu miezi mitatu bila kulipeleka kwenye bodi. Tuligundua kwa sababu kijana aliomba hesabu yake na kuilinganisha na karatasi za mshahara. Mjumbe wa tawi aliingia ofisini na karatasi hizo mkononi, na fedha zikapelekwa. Kila mwenye deni atunze karatasi zake za mshahara, aombe hesabu yake bodi, na akiona pengo amwone mjumbe wake siku hiyo hiyo.

Mimi nimeomba asilimia yangu 20, na mwenye ardhi tumekwisha kuonana. Kijana anaendelea kukatwa deni lake, na Jumapili anakuja kunisaidia kufyatua matofali.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, tawi la kiwanda cha chai