Askari Mdaiwa na Sheria ya Kufilisika

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga ya namna hiyo si mageni katika kambi zetu. Askari hukopa fedha akafungua duka nje ya lango, au akanunua lori kuukuu la kuchukulia matofali. Biashara ikianguka, wa kwanza kujua ni mkopeshaji, wa pili ni mke, na wa mwisho, kwa bahati mbaya, huwa ni kamanda wake, ambaye hupata habari siku ile askari asipoonekana kwenye gwaride. Leo twapenda kuzungumza juu ya njia moja ambayo wengi huiogopa kuliko risasi, nayo ni kufilisika kwa mujibu wa sheria.

Kwanza yafaa ieleweke deni ni la nani. Wako askari wanaodhani kwamba wakiandikisha jina la biashara na kulichora juu ya mlango, basi deni ni la duka. La hasha. Jina ni rangi tu ukutani. Mwenye deni ni yule aliyelichora, na mali yake yote imo hatarini, pamoja na ng'ombe walioko kijijini. Kampuni yenye dhima yenye kikomo ni jambo jingine, na tangu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 hata mtu mmoja peke yake aweza kuiunda hapa Uganda. Lakini hiyo nayo haimkingi mwenyewe ikiwa ametia sahihi ya dhamana kwa mkono wake. Na askari ni wepesi mno wa kutia sahihi hizo, hasa mwenzao wa handaki moja anapowaomba.

Jambo hili limewahi kumpata jemadari mkubwa kuliko sisi sote. Ulysses Grant, aliyeongoza majeshi ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na baadaye akawa Rais, aliingia ubia na kijana mmoja wa New York aliyeitwa Ferdinand Ward. Hakuwa akikagua hesabu. Alimwamini mbia wake kama alivyowaamini maofisa wake vitani. Mwezi Mei 1884, Ward alimwomba atafute dola 150,000 kwa haraka ili kuiokoa benki, na Grant akazikopa kwa tajiri William Vanderbilt. Siku mbili baadaye benki ilifungwa na kila kitu kikateketea. Kwa kuwa ulikuwa ubia, deni lilimfuata mpaka nyumbani. Alimkabidhi Vanderbilt hata panga na nishani zake za vita, ijapokuwa tajiri yule alikuwa tayari kumsamehe. Kisha, akiugua saratani ya koo, akaketi kuandika kumbukumbu zake, akazimaliza siku chache kabla ya kufa mwezi Julai 1885. Mauzo ya kitabu hicho yaliinusuru familia yake. Twamheshimu, lakini hatuwezi kumshauri koplo mwenye deni la duka angoje kuandika kitabu.

Koplo huyo ana Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya wakati wa ukoloni. Mdai aweza kumpelekea hati rasmi ya madai, na asipoitimiza kwa muda uliowekwa, mdai huyo aweza kwenda mahakamani. Lakini mdaiwa mwenyewe naye aweza kwenda, akaieleza mahakama mali yake na madeni yake bila kuficha. Amri ikitolewa, mali yake hushikwa na Mpokezi Rasmi, kisha msimamizi, ambaye huiuza na kuwagawia wadai kwa utaratibu. Mshahara wa kijana aliyekuwa akiuza dukani hutangulia deni la mfanyabiashara aliyeleta sukari. Vyombo vya kazi, nguo na matandiko ya lazima haviguswi. Na tangu siku hiyo hakuna mdai wa kawaida awezaye kumvizia getini peke yake. Wote husimama katika mstari mmoja. Anayebaki nje ya mstari ni mwenye rehani, kwa kuwa yeye ameshikilia kitu chake tayari.

Hapa ndipo hila nyingi huvunjika. Kuandika kiwanja kwa jina la shemeji usiku wa kuamkia mashtaka hakusaidii, maana mahakama ina uwezo wa kuitengua zawadi ya namna hiyo. Deni lililopatikana kwa ulaghai nalo halifutiki hata mdaiwa akiachiliwa huru na mahakama. Na yule aliyempa mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, kwa kweli amempandisha mdai mmoja juu ya watoto wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba kufilisika ni jambo jepesi. Katiba yetu humzuia mtu aliyetangazwa kufilisika, naye hajaachiliwa, asiwe mbunge. Mikopo humkimbia, na majirani husema. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo imeweka njia ya kati: mdaiwa aweza kuomba amri ya kinga ya muda, akapatana na wadai wake juu ya malipo ya kidogo kidogo chini ya msimamizi. Kwa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, kama askari alivyo, njia hii twaona ndiyo ya kujaribiwa kwanza, madhali duka ndilo lililokufa na kazi ingali hai.

Neno letu la mwisho ni kwa makamanda. Askari anayekuja ofisini akasema, "Afande, nimeshindwa kulipa," asipokewe kama mhalifu. Apewe ruhusa ya siku moja aende kwa wakili, au katika ofisi ya Mpokezi Rasmi iliyo chini ya idara ya usajili, URSB, akiwa na karatasi zake zote za mkopo mkononi. Na bunduki ikae ghalani siku hiyo.